Tuko Saba Juu ya Shamba la Baba: Je, Kuzaa Kwetu Ndiko Kunakomaliza Pori?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa tumbaku na mahindi wilayani Kaliua, Tabora. Baba yangu alihamia hapa kutoka Nzega miaka ya themanini, akakuta pori, akafyeka ekari zake arobaini. Leo tuko ndugu saba juu ya ekari hizo hizo, na watoto wetu wameshapita ishirini. Kuni za kukaushia tumbaku zamani tulikata nyuma ya nyumba; siku hizi natoka na mkokoteni alfajiri, narudi saa tisa alasiri. Kijito chetu kilikuwa kinafika Agosti, sasa mwezi wa sita ni mchanga mtupu. Kwenye mkutano wa kijiji ofisa mmoja alituambia, 'Mnazaana mno, ndiyo maana mnamaliza misitu.' Wazee wakasema si sisi, ni wafugaji. Kijana wa chuo akasema wa kulaumiwa ni nchi tajiri zilizoharibu hali ya hewa. Nimebaki katikati. Mimi na mke wangu tuna watoto wanne. Yeye anataka tupumzike, mimi nilikuwa na hesabu ya sita. Je, ni kweli kuzaa kwetu ndiko kunakomaliza pori? Na kaka yangu ananivuta tuhamie Katavi, anasema kule mapori bado yapo. Niende?"

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali matatu kwa mpigo, lakini nahisi lililokuuma ni la kwanza, kwa namna lilivyosemwa. Kuambiwa mbele ya majirani kwamba watoto wako ndio wamekula msitu si jambo la kupita hivi hivi. Hilo nitalijibu kwa urefu. La kaka yako nitalijibu bila kuzunguka, maana takwimu za sensa zinatosha.

Yule ofisa hakudanganya, ila aliishia njiani. Watu wameongezeka, tena sana. Sensa ya 2002 iliukuta Mkoa wa Tabora una watu takriban milioni 1.7, sensa ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Kati ya 2012 na 2022 nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, Tabora ikakua kwa karibu asilimia 3.9. Lakini angalia jirani zenu wa Kigoma, ambako familia si ndogo hata kidogo: kwa miaka hiyo hiyo mkoa wao ulikua kwa karibu asilimia 1.5 tu. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuletwa na uzazi peke yake. Kigoma watu wanazaliwa na wengine wanaondoka. Tabora wanazaliwa na wengine wanaingia. Kwa hiyo ukisikia "ongezeko la watu" usikimbilie chumba cha kulala. Kijijini kwenu ongezeko ni watoto waliozaliwa pamoja na mikokoteni iliyofika imebeba vyungu na kuku, na mmoja wa mikokoteni hiyo ulikuwa wa baba yako.

Sasa twende shambani, kwa sababu jibu lenyewe liko huko.

Udongo wa sehemu kubwa ya Kaliua na Urambo ni wa kichanga. Mchanga haushiki chakula cha mmea. Kinachokishika ni ile mboji nyeusi ya juu, majani yaliyooza miaka na miaka chini ya miti. Ukifyeka na kuchoma, majivu yanaupa udongo chokaa na potasiamu kwa haraka, naitrojeni nyingi inapaa na moshi, na msimu wa kwanza na wa pili unavuna mpaka unajisifu. Jua likishaipiga ile mboji bila kivuli, inaisha. Msimu wa tatu mavuno yanashuka. Wa nne au wa tano unaona kiduha, gugu linalonyonya mimea mingine, kimejishika kwenye mizizi ya mahindi, vimaua vyake vyekundu chini, mahindi juu yamedumaa na kupauka. Kiduha hupenda udongo uliochoka. Kwenye tumbaku, ng'oa shina moja utazame mizizi: ukikuta vinundu vinundu, hiyo ni minyoo fundo, nayo huzidi pale tumbaku inaporudiwa mahali pamoja msimu baada ya msimu. Hiyo ndiyo sababu mkulima wa tumbaku siku zote anatamani shamba jipya.

Wazee walikuwa na dawa ya yote haya: waliliacha shamba lilale. Miombo, yaani aina ya pori lenu, ina sifa ambayo misitu mingi haina. Mtundu au muba, miti ya pori hilo, ukiukata haufi. Kisiki kinachipua, na mizizi iliyobaki ardhini inatoa machipukizi mapya mvua za kwanza. Liache shamba miaka ishirini au zaidi, pori linarudi, kiduha kinapungua kwa kukosa mahindi ya kunyonya, mboji inajijenga tena. Hata uyoga unaouzwa na akina mama kando ya barabara wakati wa masika unarudi, kwa kuwa aina nyingi za uyoga huo huishi kwenye mizizi ya miti hiyo hiyo na bila miti hauoti.

Fanya hesabu pamoja nami. Tuseme familia inalima ekari tano kwa mwaka, inatumia kila kipande misimu minne, kisha inakilaza miaka ishirini. Mzunguko mzima ni miaka 24, kwa hiyo inahitaji vipande sita vya ekari tano, yaani ekari 30. Baba yako alikuwa na 40. Aliweza kuzungusha mashamba yake maisha yake yote na bado akabaki na ekari kumi za kuni, uyoga na mizinga ya nyuki. Hakuwa mkulima hodari kuliko wewe, wala hakuipenda miti zaidi yako. Alikuwa na nafasi. Wewe, mkigawana sawa, una ekari zisizofika sita. Ukilima tano, kinachobaki cha kulazwa ni chini ya ekari moja.

Hivyo ndivyo idadi ya watu inavyofanya kazi yake. Inakata miaka ya shamba kupumzika, kutoka ishirini kwenda kumi, kutoka kumi kwenda mitatu, mpaka hakuna, na hakuna hata mmoja aliyekaa akaamua kuharibu kitu. Kila mtu analima kiasi kile kile alicholima babake, kwa jembe lile lile, na ardhi inakufa. Ndiyo maana lawama hazisaidii: unamtafuta mkosaji unakuta kila mtu anafanya alichofundishwa nyumbani.

Lakini itazame hesabu hiyo upande wa pili. Ukiwa na watoto wanne, kila mmoja atarithi karibu ekari moja na nusu. Ukiwa na sita, hazifiki hata ekari moja. Kwa mtoto hiyo ni tofauti kubwa, nitarudi hapo. Kwa pori haibadilishi kitu, maana ekari moja na nusu hailazwi miaka ishirini, na ekari moja hailazwi vilevile. Kilimo cha baba yako kimekwisha kwenye ekari zako, uzae wangapi. Hata kama kijiji kizima kingeacha kuzaa kesho asubuhi, msimu ujao mngelima ardhi ile ile kwa namna ile ile na kiduha kingekuja.

Kuna mambo mengine mawili ambayo ofisa hakuyataja, na kwa maoni yangu yana uzito sawa na idadi.

La kwanza ni visiki. Waliolima kwa jembe la mkono walivizunguka. Plau haizungukii kisiki, na trekta ndiyo kabisa. Kadiri ng'ombe wa kulimia walivyoenea, watu wamekuwa wakivichimba visiki au kuviwashia moto mpaka vife. Shamba lililong'olewa visiki halirudi kuwa pori hata ukililaza miaka ishirini, kwa sababu mbegu za mtundu hurushwa na ganda likipasuka kwa jua, na haziendi mbali na mti mama. Pakikosa mti mama na pakikosa kisiki, panaota majani na vichaka. Uharibifu huo hauna uhusiano na idadi ya watoto. Mtu mmoja asiye na mtoto, mwenye plau na jozi mbili za maksai, anaweza kuua mizizi ya ekari nyingi kuliko familia kumi zenye majembe.

La pili ni nani hasa anayekula kuni. Hapa tumbaku lazima itajwe kwa jina. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye bani, yaani nyumba ya kukaushia majani, ambalo moto wake hauzimwi usiku wala mchana kwa karibu wiki nzima, na msimu una mizunguko kadhaa. Familia ya watu kumi inayolima mahindi na mihogo inaokota matawi makavu ya kupikia. Familia ya watu kumi yenye bani inakata miti mibichi. Kisha kuna mkaa. Kwa tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo tano mpaka kumi za mti. Mtu wa mjini mwenye watoto wawili, anayepikia mkaa mwaka mzima, anaweza kumaliza miti mingi kuliko nyumba yako yenye wanne wanaookota kuni. Dar es Salaam peke yake sensa ya 2022 iliikuta na watu 5,383,728, na bado kuna Mwanza, Shinyanga na Tabora mjini. Hao hawakuitwa kwenye mkutano wenu.

Serikali inalijua hili. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ukitimia, mapori ya Tabora yatapumua zaidi kuliko kwa mahubiri yoyote ya uzazi. Lakini bani lako halimo kwenye hesabu ya majiko. Hilo ni lako.

Wafugaji. Wazee wenu wana haki ya kulalamika: ng'ombe wengi wakipita njia moja kila siku ardhi inashindiliwa, maji hayazami, na machipukizi ya visiki yanaliwa. Ila wafugaji wengi wanaofika kwenu wamesukumwa na jambo lile lile lililomsukuma baba yako kutoka Nzega, kwamba nyumbani malisho yamekwisha. Ukimfukuza huyu hapa ataenda kuwa mgeni wa kijiji kingine. Njia ya ng'ombe na eneo la malisho vikichorwa kwenye ramani ya kijiji, ugomvi unapungua. Visipochorwa, kila mwaka ni fimbo.

Kijana wa chuo naye ana hoja, ila ni ya swali jingine. Mmarekani wa kawaida hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Mtu akikuambia watoto wako wanne ndio wanaoipasha joto dunia, mkatalie kwa heshima. Joto hilo linakuumiza wewe bila wewe kulileta. Lakini kisiki kilichochomwa nyuma ya nyumba yako hakikuchomwa na Marekani. Mambo haya mawili yakichanganywa mtu anapata kisingizio cha kutofanya chochote.

Kuhusu kijito, watu husema miti ikikatwa mvua inakimbia. Kwa kijiji kimoja haiko hivyo. Mvua zenu za Novemba hadi Aprili huletwa na mifumo mikubwa ya hewa yenye unyevu wa Bahari ya Hindi na wa misitu ya Kongo. Ekari zenu arobaini wingu halizijui. Kinachobadilika ni safari ya maji yakishafika chini. Penye miti na majani makavu yanazama, kisha yanatoka taratibu kiangazi. Penye ardhi tupu iliyokanyagwa yanakimbia juu kwa juu na mchanga wake, kijito kinafurika Februari na Juni hakuna kitu. Mara nyingi shida iko kwenye mbuga ya juu, yaani bonde la majimaji pale chanzo kilipo: imelimwa mpunga au bustani mpaka mdomoni pa maji. Panda mwenyewe ukatazame. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Na asikudanganye mtu kupanda mikaratusi pale ili "kurudisha maji". Mikaratusi inakunywa.

Pengine unajiuliza kama kuna mahali watu wameongezeka na ardhi ikapona. Papo, tena karibu. Shinyanga ilikuwa imefyekwa kwa vita ya mbung'o na kwa pamba tangu enzi za ukoloni, na kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986. Mwanzoni ulipoteza nguvu kwa miche ya kigeni ambayo watu hawakuitaka sana. Ulipogeukia ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho lipumzike, mambo yakabadilika. Ngitili zilizojulikana mwanzoni zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Na watu wa Shinyanga hawakupungua miaka hiyo, waliongezeka. Machakos, nchini Kenya, kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua, kwa sababu walichimba makinga maji na kupanda miti kwenye mashamba yao. Nikuambie pia kilichowasaidia, usije ukadhani ni bidii tu: walikuwa na soko la Nairobi karibu, na kila mtu alijua mpaka wake. Shinyanga vilevile, ngitili ilikuwa na mwenyewe, awe mtu mmoja au kijiji, na mwenyewe alikuwa na uwezo wa kusema "humu ng'ombe hawaingii hadi Agosti".

Kwa hiyo ukinitaka niseme kwa kifupi kinachomaliza pori la Kaliua, nitasema ni watu wengi juu ya ardhi isiyo na wa kuilaza. Idadi inazidisha lile lililopo. Kama lililopo ni pori la kila mtu, bani lisilo na shamba la kuni na plau isiyojua kisiki, watu wakiongezeka uharibifu unakwenda mbio. Kama lililopo ni ekari zenye mpaka na mpango, mikono mingi inaweza hata kuwa msaada.

Sasa watoto. Kwa pori nimeshakujibu. Lakini pori lisiwe sababu yako ya kuzaa au kutozaa; sababu ziko nyumbani. Natambua hesabu yako ya sita haikutoka hewani. Tumbaku inakula mikono: kuchuma, kufunga majani kwenye fito, kuchochea bani usiku, kuchambua. Kuni zikiwa mbali na maji yakiwa mbali, kila mtoto anaonekana nguvu kazi. Halafu watoto wanakua, wanataka ardhi, ekari zinapungua, kuni zinakwenda mbali zaidi, na kizazi kinachofuata nacho kinaona kinahitaji mikono mingi. Wa kwanza kuumia katika mzunguko huo ni binti, anayetumwa kuni na maji wakati kaka yake ameenda shule.

Wastani wa watoto kwa mwanamke Tanzania ulizidi sita mwanzoni mwa miaka ya 1990. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 4.8, vijijini 5.5 na mijini 3.6. Hakuna aliyewalazimisha. Watoto walipoanza kubaki hai, mabinti walipokaa shule, na akina mama walipopata njia ya uzazi wanayoitaka, familia zenyewe zilipunguza. Hata hivyo nchi itaendelea kukua kwa miongo mingi, kwa kuwa zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15 na zamu yao ya kuzaa bado. Ndiyo maana nasema uzazi wa mpango si mbadala wa kutengeneza shamba. Vyote viwili vinahitajika. Kule Kigoma, vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe, mradi wa TACARE ulioanzishwa 1994 na taasisi ya Jane Goodall ulikwenda hivyo hivyo: vitalu vya miti, mikopo midogo, ufadhili wa wasichana shuleni, elimu ya uzazi wa mpango na mipango ya ardhi, vyote kwa pamoja.

Kwa nyumba yako, mimi naona mkeo asikilizwe. Yeye ndiye anayebeba mimba, na mtoto wa tano na wa sita watagawana na wale wanne si ekari tu, na ada, madaftari na muda wenu pia. Pesa ambayo ingewalea wawili zaidi inaweza kumpeleka mmoja ufundi, akaacha kuitegemea ardhi kabisa, na ndugu zake wakapata nafasi. Lakini huo ni uamuzi wenu wawili, si wangu wala si wa ofisa.

Katavi: usihame kwa sababu ya maneno ya pori tupu. Mkoa huo ulikuwa na watu 564,604 mwaka 2012, na 1,152,958 mwaka 2022. Umezidi mara mbili ndani ya miaka kumi. Ina maana maelfu ya akina kaka walishawaambia wadogo zao maneno hayo hayo. Utapata misimu michache mizuri ya majivu, kisha utakuwa ulipo sasa, safari hii ukiwa mgeni. Na kuna hatari mbaya zaidi: sehemu kubwa ya mapori ya magharibi ni hifadhi za taifa, mapori ya akiba au misitu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Anayekuuzia kipande humo anakuuzia kesi na jivu la nyumba. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji; mwenyekiti mmoja na muhuri wake chini ya mwembe hawatoshi. Kama bado roho inakuvuta, nenda kwanza ofisi ya ardhi ya wilaya hiyo ukaone ramani ya kijiji unachoambiwa, kabla hujauza hata kuku.

Ukibaki, na mimi ningebaki, haya ndiyo yanayowezekana juu ya ekari zisizofika sita. Ekari moja igeuze shamba la kuni. Watafiti wa kituo cha Tumbi, hapo hapo Tabora, walijaribu utaratibu ambao unapanda miti inayokua haraka kwa nafasi ya mita nne kwa nne, kama miti 250 kwa ekari, unalima mahindi katikati misimu miwili ya kwanza, unaiacha mpaka mwaka wa tano, unavuna kuni na kurudisha mahindi kwenye udongo uliopumzika. Akasia ya krasikapa ilikua vizuri kwenye mchanga wenu. Kasoro yake ni kwamba ukiikata haichipui vizuri, unapanda upya. Mjohoro huchipua. Ekari moja haitamaliza shida ya bani lote, nisikudanganye, ila itafupisha safari ya mkokoteni. Bani nalo lifanyie ukarabati: lenye tanuru lililozibwa vizuri na bomba la moshi linapunguza kuni kwa kiasi kikubwa, na linaweza kutumia matawi badala ya magogo. Uliza AMCOS yako, yaani chama chenu cha ushirika wa wakulima, kuhusu mkopo wa bani la kisasa kabla ya msimu, usisubiri mpaka majani yameiva.

Kwenye mahindi, changanya na mbaazi au karanga, rudisha samadi (hapo mfugaji jirani anakuwa rafiki), na usichome mabua. Kiduha king'oe kabla hakijatoa mbegu. Shina moja hutoa mbegu maelfu na zinakaa ardhini miaka. Kupunguza tumbaku ni jambo la kulifikiria pia, lakini sitakushauri uiache ghafla, maana pembejeo na mkopo wako wa mwaka umefungwa humo. Punguza robo, ujaribu alizeti au mizinga ya mbao. Mizinga ya magome iache. Kila mmoja unaua mti.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza, lazima uonane na mtu. Ukiona korongo shambani linasogea kila mvua, au mahindi yanakuwa ya njano hata baada ya mbolea, mwite afisa ugani aje na miguu yake, na uombe udongo upimwe. Mbolea za tumbaku za miaka mingi huufanya udongo kuwa na tindikali, na chokaa huenda ikakusaidia kuliko mfuko mwingine wa mbolea. Kijiji chenu kama hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, wewe na wenzako mpeleke hoja kwa mtendaji iingie kwenye mkutano mkuu, mkiomba na msitu wa hifadhi wa kijiji utengwe kwa Sheria ya Misitu ya 2002. Afisa misitu wa wilaya ndiye anayejua hatua. Na ninyi ndugu saba, baba akiwa bado hai na akili zake timamu, kaeni naye mpime mipaka, kila mmoja aombe hati ya hakimiliki ya kimila. Hakuna apandaye mti wa miaka mitano kwenye ardhi ambayo mwakani inaweza kuwa ya kaka.

La uzazi si fani yangu. Nendeni zahanati wote wawili, si yeye peke yake, mkaulize sindano, vipandikizi na kitanzi vinafanyaje kazi na vina maudhi gani. Kwenye vituo vya serikali huduma hii ni bure. Mkisikia mtaani kwamba sindano inaharibu kizazi, mwambieni muuguzi neno hilo hilo awajibu. Mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya kuiacha, na bora mlijue hilo mapema mkiwa mmekaa pamoja mbele yake.